Jina la Tekneti

Wako wapendao kila jina la elementi litafsiriwe kwa maana yake. Twawaomba waitazame ya 43. Perrier na Segrè waliitambua huko Palermo, Italia, mwaka 1937, katika metali iliyopigwa kwa chembe za atomi mashineni. Mwaka 1947 ikaitwa tekneti, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kutengenezwa. Lau tungaliiita Kiundwa, tungalirithi kosa, na ndiyo sababu sisi twatohoa. Kwani mwaka 1952 Paul Merrill, mwanafalaki wa Marekani, aliiona katika mwanga wa nyota kubwa nyekundu. Hata atomi zake zidumuzo sana, nusu yake huoza kwa miaka milioni 4 hivi, na nyota hizo zina umri mkubwa kuliko huo kwa mbali. Basi tekneti ile ilikuwa ikipikwa humo humo nyotani.