Mshika Mbili: Golden State Walivyotaka Ubingwa wa Leo na Mastaa wa Kesho kwa Mpigo

Kwenye kikapu kuna swali ambalo limewafukuzisha kazi makocha na mabosi kibao: unamchezesha dogo ambaye leo anakukosesha mechi lakini miaka mitatu mbele atakuwa moto, au unamchezesha mkongwe ambaye leo anakupa ushindi na keshokutwa anastaafu? Wengi huchagua upande mmoja. Golden State Warriors wakasema hapana, sisi tunataka vyote.

Kuanzia 2015 mpaka 2019 timu hii ilicheza fainali 5 mfululizo za NBA na kubeba ubingwa mara 3. Halafu 2019 kikaumana. Kwenye fainali dhidi ya Toronto, Kevin Durant akachanika mshipa wa kisigino, Klay Thompson akaumia goti, ubingwa ukaenda Kanada. Durant akahamia Brooklyn. Msimu uliofuata Stephen Curry akavunjika mkono mapema tu, na timu iliyokuwa inaogopwa na kila mtu ikamaliza na ushindi 15 na vipigo 50. Ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye ligi nzima.

Sasa NBA si kama ligi za mpira wa miguu. Ukiburuza mkia hushuki daraja, unapewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya. Kwa hiyo timu iliyokuwa na Curry, mmoja wa wafungaji hatari zaidi kuwahi kutokea, ikajikuta inachagua ya pili mwaka 2020.

NJIA PANDA

Mabosi walikuwa na chaguo mbili. La kwanza, wabadilishane hiyo nafasi na timu nyingine wapate mchezaji aliyekomaa, kwa sababu Curry alikuwa na miaka 32 na muda haumsubiri mtu. La pili, wachukue kijana wamlee.

Wakachagua kulea. Tarehe 18 Novemba 2020 wakamchukua James Wiseman, jamaa mrefu futi 7, miaka 19, ambaye chuo kikuu alicheza mechi 3 tu. Siku hiyohiyo Klay Thompson akaumia tena mazoezini, safari hii kisigino. Yaani siku waliyompata mtu wa kesho ndiyo siku waliyompoteza mtu wa leo.

Mwaka 2021 wakaongeza wengine wawili: Jonathan Kuminga namba 7 na Moses Moody namba 14. Kuminga ni mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na kijiweni. Alifika Marekani akiwa bado mtoto, na alipochaguliwa alikuwa na miaka 18. Anaruka kama ana springi miguuni.

Mpango ukawa huu: Curry, Klay na Draymond Green wapambanie ubingwa, huku nyuma yao madogo watatu wanakua taratibu. Wakongwe wakichoka, madogo wanapokea kijiti. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mtamu kweli.

MWANZONI UKAJIBU

Msimu wa 2021-22 walioubeza wakanyamaza. Klay alirudi Januari 2022 baada ya siku 941 nje ya uwanja. Timu ikashinda mechi 53, na Juni 16 ikawapiga Boston nyumbani kwao na kuchukua ubingwa wa 4 ndani ya miaka 8. Curry akawa mchezaji bora wa fainali.

Ila ukichungulia vizuri, waliobeba ule ubingwa hawakuwa madogo watatu. Wiseman hakucheza hata mechi moja msimu ule kwa sababu ya goti. Kuminga na Moody walipata dakika zao kwenye ligi, lakini fainali ilipofika wakasugua benchi. Kijana aliyesaidia kweli alikuwa Jordan Poole, aliyechaguliwa namba 28 mwaka 2019 bila makelele yoyote. Na yeye alikomaa kwa sababu alifika wakati timu ni mbovu. Msimu ule wa vipigo 50 alikosa mitupo atakavyo, akapoteza mipira atakavyo, na kesho yake akapangwa tena.

Hapo ndipo penye siri ya malezi ya mchezaji. Dogo anajifunza kwa kukosea, na makosa yanahitaji dakika uwanjani. Timu inayosaka ubingwa haina dakika za kugawa kwa makosa. Ukipoteza mpira mara mbili, kocha anakuita ukae. Kocha naye huwezi kumlaumu sana, maana anahukumiwa kwa matokeo ya usiku huohuo, si kwa matokeo ya 2027.

HALAFU UKABUMA

Oktoba 2022, kabla hata msimu haujaanza, Draymond alimpiga Poole ngumi mazoezini na video ikavuja dunia nzima. Mkongwe na kijana, wazi mbele ya kamera. Msimu huo timu ilicheza mechi 41 ugenini ikashinda 11 tu. Februari 2023 Wiseman akauzwa Detroit. Julai Poole akapelekwa Washington, na aliyekuja badala yake ni Chris Paul, mwenye miaka 38. Waliokuwa wanasema wanajenga kesho wakageuka kumtafuta mzee wa leo.

Kuminga akabaki, na yake ndiyo inayouma zaidi. Januari 2024 dhidi ya Denver alikuwa anacheza vizuri, lakini akawekwa benchi dakika 18 za mwisho, timu iliyokuwa inaongoza ikafungwa sekunde ya mwisho. Kesho yake vyombo vya habari vikaandika kwamba dogo amepoteza imani na kocha. Aprili 2025, kwenye mechi ya kugombea kuingia mtoano, hakuguswa kabisa. Halafu Mei, Curry akaumia msuli kwenye mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota. Kocha akakosa ujanja, akamuingiza. Mechi ya tatu akafunga pointi 30. Golden State walitolewa, lakini swali likabaki hewani: kumbe uwezo huo ulikuwepo siku zote?

WENGINE WALIFANYAJE?

San Antonio ndio waliofaulu kushika mbili. Mwaka 2011 walimtoa George Hill, mchezaji waliyekuwa wanampenda, ili wampate Kawhi Leonard aliyechaguliwa namba 15. Hawakumwambia awe staa. Walimpa kazi moja inayoeleweka: mkabe mfungaji wa wapinzani. Msimu wake wa kwanza tu akaanza kupangwa kikosi cha kwanza. Mwaka 2014 walichukua ubingwa mbele ya Miami, Kawhi akiwa mchezaji bora wa fainali na miaka 22, pembeni yake Tim Duncan mwenye miaka 38.

Brooklyn walitaka leo tu. Mwaka 2013 waliwachukua Kevin Garnett na Paul Pierce waliokuwa ukingoni, wakawapa Boston haki zao za kuchagua vijana kwa miaka kadhaa. Walichoambulia ni kushinda raundi moja ya mtoano. Haki zile ndizo zilizowafungulia Boston njia ya kuwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, waliobeba ubingwa 2024.

Oklahoma City wakaenda kinyume kabisa. Mwaka 2019 walimuuza Paul George, wakampata Shai Gilgeous-Alexander pamoja na rundo la haki za kuchagua. Msimu mmoja walishinda mechi 22, uliofuata 24. Mashabiki wakavumilia. Mwaka 2025 wakawa mabingwa, Shai akiwa kinara wao.

Kwa hiyo kushika mbili si ndoto. Kinachotakiwa ni dogo kupewa kazi halisi mapema, hata ndogo, na kuruhusiwa kuikosea. Golden State waliwapa vijana wao jina la "kesho", wakasahau kuwapa cha kufanya leo.

Lakini watetezi wao nao wana hoja nzito: ubingwa wa 2022 upo kabatini na hakuna wa kuutoa. Timu ngapi zimelea vijana miaka 10 na hazijashika hata kombe moja?

Ungekuwa wewe bosi mwaka 2020, Curry ana miaka 32 na una namba 2 mkononi, ungemlea dogo au ungembadilisha upate mtu aliyeiva? Tupia maoni yako hapo chini, ila usitukane mtu.