BIM: Uingereza ilivyolazimisha michoro isemezane, na funzo kwa kaunti zetu

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo hapa Pwani, na ugomvi ninaoujua zaidi ni huu: mhandisi amepitisha boriti, fundi bomba naye anataka kupitisha bomba la maji taka papo hapo. Kila mmoja ana karatasi yake, na kila karatasi ikisomwa peke yake ni sahihi. Mwishowe zege linatobolewa, na mwenye jengo ndiye anayelipa.

Dawa ya ugomvi huo ni modeli ya taarifa za jengo, ambayo wajenzi duniani huiita BIM. Wengi hudhani ni zile picha za kompyuta za kuuzia nyumba ambazo hazijajengwa. Tofauti ni kubwa. Kwenye mchoro wa kawaida, ukuta ni mistari miwili. Kwenye BIM, ukuta hubeba habari zake: unene, aina ya matofali, hata muda unaoweza kuhimili moto. Ukisogeza mlango, michoro yote na hesabu ya vifaa hubadilika pamoja. Modeli za msanifu, mhandisi na fundi umeme zikiunganishwa, programu huonyesha zinapogongana kabla msingi haujachimbwa.

Finland ilitangulia, shirika linalosimamia majengo ya serikali yake lilianza kudai modeli mwaka 2007. Lakini mfano unaozungumzwa sana ni wa Uingereza. Mei 2011, serikali ya huko ilitangaza kwamba kufikia 2016 miradi yote inayonunuliwa na serikali kuu itatumia BIM. Mwaka ule ule wa 2011 sisi tulitunga sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, inayosajili wanakandarasi.

Angalia mbinu yao. Hawakumlazimisha kila anayejenga nyumba yake. Serikali ilizungumza kama mteja mkubwa: ukitaka zabuni yangu, leta modeli. Ikatoa miaka mitano ya kujiandaa, na viwango vikaandikwa ili kila mtu ajue faili zitaitwaje, nani ataziidhinisha na zitahifadhiwa wapi. Mwaka 2018 kazi hiyo ilizaa kiwango cha kimataifa, ISO 19650. Katika uchunguzi wa NBS, shirika la huko linalofuatilia jambo hili, waliosema wanatumia BIM walikuwa asilimia 13 mwaka 2011. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 73.

Hata hivyo, mambo hayakuwa mteremko. Programu ni ghali, mafunzo nayo yanataka muda, na kampuni ndogo ziliumia kuliko kubwa. Isitoshe, amri hiyo haikugusa majengo yaliyokwisha kusimama.

Juni 14, 2017, jengo la makazi la Grenfell jijini London liliungua na watu 72 wakafa. Ripoti ya Judith Hackitt, iliyotolewa 2018, ilitaka majengo marefu ya makazi yawe na kumbukumbu za kidijitali zinazoeleza yalivyojengwa na kila kilichobadilishwa baadaye. Sheria ya usalama wa majengo ya 2022 ililifanya hilo kuwa wajibu kwa majengo ya makazi ya ghorofa saba au zaidi, au yenye kimo cha mita 18 kwenda juu.

Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa ya BIM. Kuokoa saruji ni jambo jema, lakini jengo huishi miaka mingi kuliko mkataba wa aliyelijenga. Mwanakandarasi akishaondoka, nani anajua nondo ngapi zimo ndani ya nguzo, au waya wa umeme umepita wapi?

Serikali zetu za kaunti hujenga zahanati, masoko na ofisi kwa pesa za umma. Zinaweza kuanza na mradi mmoja mkubwa, na kuweka masharti mawili kwenye zabuni. Kwanza, modeli ikabidhiwe pamoja na funguo, katika faili ya IFC, ambayo ni mfumo wa wazi usiomfunga mtu kwa muuzaji mmoja wa programu. Pili, awepo afisa mwenye jukumu la kuitunza na kuirekebisha kila jengo linapokarabatiwa. Bila huyo wa pili, tutakuwa tumenunua picha ghali.