Unakaa Mtu wa Bodaboda

Kioo chenyewe nilikinunua Gakoromone kwa shilingi hamsini. Hapo sokoni kuna mzee anayetandaza gunia na kuuza vitu vya baiskeli: tyubu, raba za breki, kengele, na vioo vidogo vya mviringo. Nikakifunga kwenye helmeti yangu, upande wa kulia, kwa waya na zile kamba za plastiki wanazotumia mafundi wa stima. Helmeti nayo ilikuwa ya mitumba, na mbele ilikuwa na ukingo wa kukinga jua. Jumapili iliyofuata nikaenda nayo kwenye kikundi.

Huwa tunakutana Makutano, Meru mjini, kabla jua halijatoka. Siku hiyo tulikuwa saba na tulikuwa tunaelekea Embu, zaidi ya kilomita 100. Kiongozi wetu tunamwita Daktari, ingawa kazi yake ni kuuza dawa dukani. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Buda, hiyo ni nini?"

Nikamwambia ni kioo, naona magari ya nyuma.

"Toa. Na hiyo kitu ya mbele pia utoe. Unakaa mtu wa bodaboda."

Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka, maana ukichekwa alfajiri na watu sita wenye baiskeli za bei ya shamba, utafanya nini? Nikakata kamba kwa meno, kioo nikakitia mfukoni. Ukingo nikaung'oa.

Sentensi hiyo imekaa nami karibu mwaka mzima. Daktari hakusema kioo ni hatari, wala hakusema hakifanyi kazi. Alisema ninafanana na nani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini ile tabia ya kufuata kitu kimoja hadi saa nane za usiku haijaniacha. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua helmeti ya mtu wa baiskeli iweje, na lini.

Watu wa baiskeli za mbio wana sheria ambazo hakuna bunge lililowahi kuzipitisha. Soksi ziwe na urefu fulani. Mikono ya miwani ipite juu ya kamba za helmeti, sio chini yake. Helmeti isiwe na ukingo, na kioo ndio kabisa. Kofia ya kitambaa chini ya helmeti inaruhusiwa, kwa sababu mabingwa wa zamani waliivaa. Kuna kundi linalojiita Velominati lililoziandika sheria hizi kwa namna ya nusu utani, na kuna watu wamezishika kama amri za Musa.

Ukiuliza sababu, unaambiwa ni desturi. Sawa, lakini desturi hiyo ina umri gani?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwendeshaji wa kulipwa Ulaya alivaa kofia ya kitambaa au akaenda kichwa wazi. Wachache walivaa vipande vya ngozi vilivyojazwa pamba, vilivyofungwa kichwani kama kikapu kilichopinduliwa. Helmeti tunayoijua leo, yenye povu gumu ndani, ilianza kuuzwa na kampuni ya Bell ya Marekani mwaka 1975. Watu wa mbio hawakuitaka. Ilikuwa kubwa, ilikuwa na joto, na ilikaa kama kitu cha watoto na watalii.

Halafu kuna kisa cha 1989. Siku ya mwisho ya Tour de France, Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa mbele ya Greg LeMond wa Marekani kwa sekunde 50. Ilikuwa imebaki kilomita 24.5, kila mtu peke yake dhidi ya saa, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alikuja na helmeti ndefu yenye mkia na usukani wa kulalia mikono, kitu kilichotoka kwa watu wa triathloni ambao wenye mbio za barabarani waliwaona washamba. Fignon alipanda bila helmeti, nywele zake zimefungwa mkia nyuma, upepo unazichezea. LeMond alishinda Tour nzima kwa sekunde 8.

Ungedhani hapo wamejifunza. Mwaka 1991 shirika la mbio za baiskeli duniani, UCI, lilijaribu kuifanya helmeti kuwa lazima. Kwenye mbio za Paris–Nice waendeshaji waligoma, na amri ikarudishwa kabatini. Mwaka 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika Tour na kufa. Hakuwa na helmeti. Hata hapo amri haikuja. Ilikuja 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kuanguka kwenye Paris–Nice ileile na kufa kwa majeraha ya kichwa. Na bado waliachiwa upenyo: mbio zikimalizikia mlimani, waliruhusiwa kuivua kwenye mpando wa mwisho. Baadaye upenyo huo ukazibwa.

Kwa hivyo helmeti ile safi, nyepesi, isiyo na kitu juu yake, ambayo Daktari anaiona kama alama ya mtu wa baiskeli wa kweli, ilikuwa ni aibu kwa mtu wa baiskeli wa kweli nikiwa sijazaliwa. Sababu za kuikataa zilikuwa zilezile anazonipa kuhusu kioo: inakaa vibaya, si yetu, ni ya wale wengine.

Sitaki kumwonea, ana hoja zake. Ukiinama kwenye usukani wa chini, ukingo wa mbele unakukatia barabara, na shingo ndiyo inayolipa. Helmeti hutengenezwa laini na ya mviringo ili ukianguka iteleze juu ya lami, na kitu kilichofungwa kwa waya kinaweza kunasa na kukuzungusha shingo. Hilo nililisoma baadaye, na kusema kweli waya wangu ulikuwa ujinga. Isitoshe, naambiwa ni Daktari aliyepiga marufuku mtu kuja kwenye kikundi bila helmeti. Ilikuwa Agosti 2022, baada ya Suleiman Kangangi, Mkenya aliyemaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda ya 2017, kuanguka mbioni Vermont, Marekani, na kufariki. Daktari anajua kuogopa barabara.

Lakini hoja anayoipenda zaidi ni hii: "Umewahi kuona Froome na kioo?" Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour mara nne. Sijawahi kumwona na kioo, ni kweli. Froome alikuwa na redio sikioni, gari la timu nyuma yake, na barabara iliyofungwa na polisi wa Ufaransa. Hakuna aliyewahi kufunga barabara ya Meru–Embu ili mimi nipite.

Barabara hii ilikuwa na watu wa baiskeli muda mrefu kabla yetu, na wao hawakuwa na shida na kioo.

Guka wangu alikuwa mtu wa Runyenjes, na baiskeli yake aliinunua kwa pesa za kahawa. Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954 miche ilienea kila ridge, na pesa za kahawa zilipoingia nyumbani, zilitoka na mabati na baiskeli. Ya Guka ilikuwa Raleigh nyeusi, iliyotoka Uingereza. Mama husema wakati huo mwenye baiskeli alisalimiwa kwanza.

Niliikuta ikiwa imezeeka, lakini bado imevaa. Ilikuwa na dainamo ya kuwasha taa, kengele mbili, keria ya chuma ya kubebea maziwa, na kipande cha raba kwenye madigadi ya nyuma chenye nyota nyekundu. Ilikuwa na maua ya plastiki kwenye usukani. Na vioo viwili, kulia na kushoto. Guka hakuwahi kuvaa helmeti maisha yake yote. Alivaa kofia ya pama aliyoifunga kidevuni kwa uzi wa sisali. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza vioo ni vya nini. Akasema kimoja ni cha kuona magari, na kingine ni cha kujiangalia kabla ya kufika sokoni.

Hilo ndilo ninalolikumbuka kila Daktari akianza mambo ya mtindo. Kwa Guka, kile kilichomsaidia na kile kilichompendeza vilikaa kwenye chuma kimoja bila kugombana. Taa ilikuwa usalama na ilikuwa maringo. Ukienda leo kwa fundi yeyote wa baiskeli Chuka au Embu, utaona bado ni hivyo: riflekta nyingi kuliko zinazohitajika, kwa sababu zinaonekana usiku na kwa sababu zinang'aa.

Sasa baiskeli ilianguka vipi kutoka kwa mtu anayesalimiwa kwanza hadi kwa mtu anayechekwa? Kwanza magari yaliongezeka. Kisha bodaboda. Neno hilo lilizaliwa kwa baiskeli, kule mpakani Busia miaka ya 1960, vijana wakivusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache neno likahama na abiria wake. Mwaka 2012 sheria ya trafiki ikarekebishwa, ikamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti na koti la kuakisi mwanga. Wengi wakanunua helmeti na kuitundika kwenye mkono, ishuke kichwani wakiona polisi. Baiskeli ya keria ikabaki kwa asiyeweza hata kukopa pikipiki.

Hapo ndipo sisi tuliingia, na nguo zetu za kubana. Mwalimu, mtu wa benki, muuza dawa, na mimi ninayeandika makala za watu kwa malipo ya mtandaoni. Tunaendesha chombo cha maskini kwa kupenda, kwa hivyo tunahitaji alama ya kuonyesha ni kwa kupenda. Alama ni helmeti isiyo na kitu. Haina taa kwa sababu sirudi usiku kutoka kazini. Haina kioo kwa sababu sina haja ya kujua nani yuko nyuma yangu. Nyumbani nina gari. Sheria za Ulaya zilitufaa sana. Lakini Daktari hakuwa anaiga Ufaransa. Alikuwa anamkimbia jirani yake.

Basi, hiyo Jumapili. Tulipita Nkubu, tukapita Igoji, jua likiwa upande wa kushoto na Mlima Kenya kulia bila wingu. Kisha ukaja mteremko wa Nithi. Kila mtu wa huku anaujua. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitoka barabarani hapo likatumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kwenye mteremko upepo unajaa masikioni, husikii chochote. Kioo kilikuwa mfukoni mwangu, nakisikia kikinigonga mgongoni.

Pikapu ya miraa ilitupita kama imetumwa na shetani. Mimi nilihisi upepo wake tu. Daktari alikuwa mbele yangu, katikati kidogo ya barabara. Sijui kama ilimgusa au alishtuka. Alitoka kwenye lami, akaruka mtaro, akaanguka kwenye nyasi na mawe. Pikapu haikusimama.

Helmeti yake ilipasuka kuanzia sikio hadi utosi. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Watu wawili wa bodaboda, mmoja amevaa helmeti isiyo na kamba, ndio waliombeba hadi hospitali Chuka, mmoja akiendesha na mwingine amemshikilia katikati. Hawakutaka pesa. Mmoja wao aliniuliza, kwa upole tu, "Kwani nyinyi hamnanga vioo?"

Sijui kama ningeiona ile pikapu. Pengine ningeiona na nisiwahi kupiga kelele. Lakini ningekuwa na nafasi ya kujaribu, na niliitia mfukoni ili nisichekwe.

Daktari alirudi kwenye kikundi baada ya miezi mitatu, na helmeti mpya, nyeupe, safi, haina kitu. Mimi nilikuja na kioo, safari hii nimekigundisha kwa ukanda wa kunata ili kikigonga kitu king'oke chenyewe. Alikiangalia. Nikasubiri. Akafunga kamba za viatu, akapanda, akasema bila kunitazama:

"Wewe leo kaa nyuma. Ukiona kitu, sema."

Tangu siku hiyo mimi ndiye wa mwisho kwenye mstari. Wao wanabaki na helmeti zao safi, na mimi ninaonekana vile ninavyoonekana. Tukianza kushuka Nithi naangalia kwenye kioo cha shilingi hamsini, na nikiona kitu napiga kelele, "Gari!" Wote sita husogea kushoto.