Kabla ya Mstari wa 11: Yeremia, Kalenda ya Masomo na Tumaini la Likasi

Wakristo wa Katanga wanapotafuta andiko la tumaini, wengi hukimbilia Yeremia 29:11, penye ahadi ya mawazo ya amani na siku njema za baadaye. Mstari huo haumo katika masomo ya Dominika ya kalenda ya pamoja iliyotolewa mwaka 1992, ambayo Kanisa la Muungano wa Methodisti huitumia. Katika Mwaka C, wa tatu katika mzunguko wake wa miaka mitatu, kalenda hiyo husoma mstari wa 1, kisha wa 4 hadi wa 7, ikaishia hapo. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Oktoba 2025. Hoja yangu ni kwamba mkato huo una faida kwa mji kama Likasi, ingawa nao una kasoro yake.

Mistari inayosomwa ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli kwa nguvu. Nabii anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji waliopelekwa. Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, inaijua habari hiyo kwa undani. Kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, wakajenga, wakazaa, watoto wao wakakulia kwenye kambi za kampuni. Mwaka 1992 na 1993 wakafukuzwa wakiambiwa warudi kwao. Maelfu yao walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wako waliofia hapohapo. Kwa hiyo barua ya Yeremia ikisomwa Likasi inawagusa waliofukuzwa, na inawagusa pia waliosimama kando wakitazama. Amani ya mji ni ya nani, ikiwa aliyeambiwa aiombee anaweza kuamshwa alfajiri na kutolewa nyumbani kwake? Mhubiri anayeruka moja kwa moja hadi mstari wa 11 hulikwepa swali hilo, na pengine ndiyo sababu mstari huo unapendwa.

Kasoro ya kalenda ni kwamba imeacha mistari ya 8 hadi 10. Humo nabii anawaonya watu wasidanganywe na manabii na waaguzi waliomo kati yao, kisha anataja muda: miaka 70. Yaani wengi wa wasikilizaji wake watakufa kabla ya kurudi. Katika mji ulioona Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikiporomoka, mishahara ikikaa miezi bila kulipwa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo wakiondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa hiari (neno hilo acha lipite), mistari hiyo ndiyo dawa ya unabii wa kuuziwa: kazi wiki hii, viza mwezi ujao. Pengo hili linaweza kuzibwa na jumuiya ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Kongo walizichagua kuwa njia ya kichungaji tangu 1961. Padri au mchungaji ana dakika chache tu. Jumuiya ina jioni nzima ya kufungua sura na kuimaliza.

Wiki mbili kabla, tarehe 28 Septemba 2025, kalenda hiyohiyo iliweka Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa, nabii yumo kifungoni, naye ananunua shamba Anathothi. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi, anaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, na kuagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu. Mchimbaji wa mikono anayeuza gunia la kobalti kwenye mizani asiyoiamini hahitaji ufafanuzi mrefu hapo. Siku hiyohiyo Wakatoliki walisoma Amosi na vitanda vyake vya pembe za ndovu, na makanisa yote mawili yakakutana kwenye Luka 16, kwa tajiri na Lazaro mlangoni pake.

Wako watakaosema kwamba tumaini la miaka 70 ni kuwatuliza maskini wavumilie. Hati ya Anathothi inawakatalia: Yeremia analipa bei halali, anaita mashahidi, anadai uthibitisho. Anayetumaini hivyo hudai pia mizani iliyo sawa, pensheni yake, na hati ya kiwanja chake.

Barua ya Babeli itarudi kusomwa tarehe 15 Oktoba 2028. Wahubiri wa Likasi, safari hiyo msiishie mstari wa 7, wala msifike wa 11 kabla hamjausoma wa 8, wa 9 na wa 10.