Historia ya matibabu: ni somo gani hili la chuo kikuu, na linatuhusu nini sisi watu wa mashariki?

Mzazi akisema mtoto wake anasomea udaktari, kila mtu anaelewa. Akisema anasomea historia ya matibabu, watu wanauliza: sasa huyo atatibu nani? Jibu ni fupi: hatatibu mtu. Kazi yake ni kutafuta namna watu wa zamani walivyougua, nani aliwatibu, kwa dawa gani, kwa amri ya nani, na kwa nini walikubali ao walikataa. Kwa sisi tuliopitia Ebola ya 2018 mpaka 2020, hayo si maswali ya kupitisha wakati.

Somo lilianza wapi?

Kule Ulaya, chuo kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kilifungua taasisi ya historia ya matibabu mwaka wa 1906, chini ya Karl Sudhoff. Huko Marekani, Johns Hopkins ilifungua ya kwake mwaka wa 1929. Wakati ule waliokuwa wanaandika ni madaktari wenyewe, na mara nyingi walisifu madaktari wenzao wakubwa. Kuanzia miaka ya 1970, wanahistoria waliingia kwa wingi na maswali mengine: mgonjwa alisema nini? Muuguzi je? Mkunga? Mganga wa kienyeji?

Kongo iko katikati ya mambo hayo. Mwaka wa 1978, John Janzen alitoa kitabu juu ya Kongo ya Chini, akionyesha kwamba mgonjwa haamui peke yake: jamaa wanaketi, wanashauriana, kisha wanamupeleka hospitali, kwa mganga wa kienyeji ao kwa maombi, na pengine kote kwa zamu. Mwaka wa 1992, Maryinez Lyons aliandika juu ya ugonjwa wa usingizi kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka wa 1999, Nancy Rose Hunt aliandika juu ya uzazi na hospitali ya misioni ya Yakusu, karibu na Kisangani.

Kasongo, 1905

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwaka wa 1903, shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool ilituma waganga kuchunguza ugonjwa wa usingizi katika Kongo ya mfalme Léopold wa Pili. Mmoja wao aliitwa Joseph Dutton. Pamoja na mwenzake John Todd, walionyesha kwamba kupe mdogo wa ndani ya nyumba, kimputu, ndiye anapitisha homa inayoenda na kurudi. Dutton mwenyewe alipatwa na homa hiyo. Alikufa Kasongo, katika Maniema ya leo, Februari 1905, akiwa na miaka 30. Mpaka sasa kidudu cha ugonjwa huo kinaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Mwanafunzi wa historia haishii hapo. Anauliza: nani aliwabebea mizigo? Nani aliwaonyesha vijiji? Watu wa Afrika walikuwa wanajua tangu zamani kwamba kuumwa na kupe wa namna ile kunaleta homa. Livingstone aliyaandika hayo katika karne ya 19. Lakini jina lililobaki kwenye kidudu ni la mzungu.

Shindano na amri

Ugonjwa wa usingizi, ao malale, unaletwa na nzi wa tsetse. Serikali ya kikoloni iliupiga vita kwa nguvu. Timu zilipita kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mistari, wakapapaswa shingo kutafuta vivimbe. Aliyekutwa mgonjwa aliweza kupelekwa lazareti, mbali na watu wake. Kusafiri kulihitaji karatasi. Dawa ya kwanza, atoxyl, ilikuwa na arseniki ndani, na wagonjwa wengine ilipofusha macho.

Je, kampeni hizo zilikuwa mbaya tupu? Hapana. Miaka ya 1950 ugonjwa ulikuwa umeshuka sana. Kisha uchunguzi ulilegea, vita vikaja, na mwaka wa 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26 000. Leo hawafiki hata elfu moja kwa mwaka, na tangu 2018 kuna dawa ya vidonge, fexinidazole, iliyojaribiwa sana hapa Kongo. Mwanahistoria anashika yote mawili: dawa iliokoa watu, na dawa ilikuja pamoja na amri. Mzee aliyeona lile la pili hakusahau, na aliwaambia wajukuu wake.

Jambo lingine: kwenye uhuru, 1960, Kongo haikuwa na daktari hata mmoja aliyemaliza masomo ya udaktari nchini. Kulikuwa na wasaidizi wa waganga, watu wenye kujua kazi, lakini bila cheo. Wengi wao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo, kwa msaada wa OMS.

Kutoka Yambuku mpaka Beni

Mwaka wa 1976, Ebola ilijulikana kwa mara ya kwanza Yambuku, Ekwateri: wagonjwa 318, wakafa 280. Wengi waliambukizwa na shindano zilizotumiwa tena na tena katika hospitali yenyewe. Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika kule mapema na kuchukua damu ya wagonjwa. Lakini kwa miaka mingi hadithi ya kugundua Ebola ilisimuliwa sana upande wa Ulaya, damu ilikopimwa.

Kikwit, 1995, Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wakapona 7. Wataalamu wengi hawakukubali, kwa sababu jaribio lilikuwa dogo. Baadaye, kutoka kwa mtu aliyepona Kikwit ilitengenezwa dawa ya mAb114, na ilijaribiwa hapa kwetu katika mlipuko wa 2018. Mwaka wa 2019 ilionekana kuwa moja ya dawa mbili zilizookoa watu kuliko nyingine.

Sasa, kwa nini watu walirushia timu mawe? Mlipuko ule ulihesabu wagonjwa 3 470 na vifo 2 287. Daktari wa OMS aliuawa Butembo, Aprili 2019. Wengine walisema ni ujinga wa wakaaji. Mwanahistoria hawezi kuridhika na neno hilo. Ataweka mezani mauaji ya Beni tangu 2014 ambayo watu waliona hayashughulikiwi, na uchaguzi wa Desemba 2018 ulioahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kama moja ya sababu. Kueleza si kuhalalisha. Lakini asiyejua sababu atarudi na gari lilelile, na atapokewa vilevile.

Kama unataka kusoma hili

Si lazima uende Ulaya kuanza. Mwanafunzi wa historia anaweza kuchagua hospitali, zone de santé ao ugonjwa mmoja kwa mémoire yake. Anayesomea udaktari ao afya ya jamii anaweza kufanya vilevile. Uliza mapema kama kuna profesa wa kukuongoza. Utahitaji Kifaransa kizuri, Kiingereza cha kusoma vitabu, na Kiswahili ao lugha ya mama kwa kuongea na wazee. Barua na ripoti nyingi za wakati wa ukoloni ziko Ubelgiji, na hiyo ni shida ya kweli.

Lakini mengine yako hapa. Madaftari ya hospitali za zamani, kama zile za misioni ao FOMULAC ya Katana, yanaeleza mambo ambayo Brussels haina. Mchwa, mvua na vita vinayamaliza. Wewe muuguzi ao katibu wa kituo cha afya, kabla ya kuchoma daftari la zamani, uliza kwanza. Na wewe kijana, mkunga mzee wa mtaa wenu angali hai: chukua simu, omba ruhusa, rekodi anachosema.