Kahawa ya Kutafuna

Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyezaliwa Eduard Schnitzer, alijenga kituo cha Wajerumani ufukweni mwa ziwa. Tunafundishwa kwamba ndiye aliyeanzisha Bukoba. Mimi nataka kujua alikula ndizi za nani. Sokoni wenyeji walitumia simbi, na kupanda mibuni kulihitaji ruhusa ya mkama.

Nilipofika Muleba kwa utafiti, bibi mwenye nyumba alinipa buni kavu. Nikauliza maji ya moto yako wapi. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Mjukuu wangu, hii inatafunwa. Mgeni hukaribishwa nayo.”

Shahada nzima, na sikujua hilo! Daftarini jina la Emin liko ukurasa wa kwanza. La waliomlisha sina. Nikaomba kuandika la bibi. Akakataa, akaniongezea buni.