Asilimia tano ya wasio na kazi: nani kahesabiwa, nani kaachwa?

Kila takwimu za ajira zinapotolewa, hapa Mombasa nasikia swali lile lile: itakuwaje Kenya iwe na asilimia tano tu ya wasio na kazi, na mabaraza yamejaa vijana tangu asubuhi? Wengi husema serikali inadanganya. Mimi naona tatizo liko kwengine. Hesabu hii hujibu swali dogo kuliko lile tunalouliza sisi.

Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) hufuata kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO). Makarani huzuru nyumba zilizoteuliwa na kuuliza habari za watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Ili uitwe huna kazi, sharti utimize mambo matatu: katika siku saba zilizopita hukufanya kazi ya kipato hata saa moja, umetafuta kazi katika wiki nne zilizopita, na uko tayari kuianza ikipatikana. Idadi ya watu hao hugawanywa kwa jumla ya wenye kazi na wanaotafuta, si kwa watu wote.

Tuchukue mfano wa mtaa wenye watu wazima 100. Watu 57 wana kazi, 3 wanatafuta, na 40 hawamo: wanafunzi, walezi wa nyumba, wagonjwa na waliokata tamaa. Watatu katika 60 ni asilimia 5. Sasa tuseme 15 kati ya wale 40 wanataka kazi, ila wamechoka kubisha milango. Ukiwaingiza, ni 18 katika 75, yaani asilimia 24. La ajabu zaidi, mmoja wa wale watatu akiacha kutafuta, kiwango hushuka hadi asilimia 3.4, ilhali hakuna aliyepata kazi.

Upande wa wenye kazi nao una yake. Kuli aliyeitwa siku moja tu kwa wiki na mama aliyeuza mahamri asubuhi mbili huhesabiwa sawa na karani wa benki mwenye mshahara na bima. Mvuvi anayengoja kusi ipite, kama hatafuti kazi nyingine, huenda asionekane kabisa miongoni mwa wasio na kazi.

Sisemi hesabu hii ni bure. Robo ya kwanza ya mwaka 2020 ilionyesha asilimia 5.2, robo ya pili, korona ilipofunga hoteli na safari, ikapanda hadi 10.4. Mshtuko ule ilituonyesha wazi. Shida ya kila siku ndiyo isiyoionyesha vyema.

Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, Geneva 2013, ulipendekeza vipimo vingine viwekwe kando yake: wanaofanya saa chache wakitaka zaidi, na wanaotaka kazi bila kuitafuta au bila kuwa tayari kwa sasa.

Basi tukiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, na kiongozi akasimama na asilimia tano yake, tumuulize mambo matatu: waliokata tamaa ni wangapi? Wenye kazi wanapata saa ngapi kwa wiki? Na saa hizo zinawalipa nini? Fedha za vijana zikipangwa kwa ile tarakimu moja, wenye haja zaidi ndio watakaosahauliwa.